Pima Kazi ya Mikono: Mwongozo Kamili wa Kupima Viuatilifu Kazini katika Utafiti wa Magonjwa ya Kudumu

Mama mmoja wa juu kule Molo aliniambia bila kusita, "Mimi sipigi dawa. Anayepiga ni baba watoto." Nikatia alama kwenye kisanduku cha "hapana" nikaendelea na swali lililofuata. Dodoso lilikuwa langu, nililitunga mwenyewe, na lilitenganisha wanaoguswa na dawa na wasioguswa kwa swali moja tu: "Je, wewe hupiga dawa shambani?"

Kesho yake nilipita njia ileile asubuhi nikamkuta amepiga magoti kando ya ndoo. Amefungua pakiti ya unga wa manjano, anapima kwa kifuniko cha chupa ya soda, anamwaga kwenye maji na kukoroga kwa kijiti. Kijiti kilikuwa kifupi, na kila alipofika chini kabisa kuvunja mabonge, mkono ulizama hadi karibu na kiwiko. Vumbi la pakiti lilimpanda usoni akageuza kichwa kukohoa. Mumewe alisimama hatua chache kutoka pale, pampu mgongoni, akingoja kujaziwa. Walijaza pampu sita asubuhi hiyo, na mara zote sita aliyekoroga ni mama. Katika karatasi zangu mama huyo alikuwa mtu asiyeguswa na dawa.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya kisanduku kile. Nawaandikia wanafunzi wa uzamili wa vyuo vikuu vya Egerton na Maseno, maafisa wa afya wa kaunti, na yeyote Nakuru, Kisumu au Trans Nzoia anayetaka kujua kama dawa za shamba zinahusiana na saratani, ugonjwa wa Parkinson, pumu au figo zinazoharibika polepole. Humu nitatumia neno "mguso" kwa maana ya dawa yote inayomfikia mtu kazini, iwe kwa ngozi, kwa pumzi au kwa mdomo.

Hatua ya kwanza: taja ugonjwa, taja dawa, taja miaka

Usianze na chupa za mkojo wala na mashine. Anza na sentensi moja yenye vitu vitatu: ugonjwa gani, dawa gani, miaka ipi ya maisha ya mtu. "Viuatilifu na saratani" si swali la utafiti. Chini ya neno viuatilifu kuna mamia ya kemikali ambazo hazifanani hata kidogo. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka glyphosate, malathion na diazinon katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, na lindane ikawekwa kundi la juu zaidi, la vitu vinavyosababisha. Kwa upande wa Parkinson, utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 ulihusisha ugonjwa huo na rotenone na paraquat. Ukiziweka zote kapu moja, dawa yenye madhara itafunikwa na zile zisizo nayo.

Miaka nayo ina uzito wake. Saratani nyingi huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi tangu mguso hadi uvimbe kuonekana. Dawa aliyopiga mtu mwaka jana haiwezi kuwa chanzo cha saratani iliyogunduliwa mwezi huu. Kwa hiyo amua mapema utakata miaka mingapi ya mwisho kabla ya ugonjwa: fanya hesabu kwa kukata 5, kisha 10, kisha 15, na uandike uamuzi huo kabla hujaona matokeo yoyote. Ukiamua baada ya kuona, utachagua namba inayokupendeza, hata kama moyo wako ni safi.

Kama unalinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa, kumbuka mgonjwa ametumia usiku mwingi akijiuliza "nilikosea wapi?" Atakumbuka dawa kuliko jirani yake mzima. Mhojaji asijue nani ni mgonjwa, ikiwezekana, na maswali yawe yaleyale neno kwa neno.

Hatua ya pili: kaa shambani kabla ya kuandika swali lolote

Siku tano zinatosha kuanzia, katika mashamba tofauti. Fika kabla ya dawa kufunguliwa, ondoka baada ya nguo kufuliwa. Andika kila mkono unaogusa dawa, mabaki yake, au jani lililolowa.

Utaona kwamba kupiga dawa ni sehemu moja tu ya kazi. Kuna kupima, kukoroga na kujaza, ambapo dawa bado ni kali haijachanganywa na maji mengi. Kuna pampu inayovuja kwenye kifuniko: mtu anatembea saa tatu, shati limegandamana na mgongo, naye anadhani ni jasho. Kuna nozeli iliyoziba, na nimewaona vijana wakiizibua kwa kuiweka mdomoni na kupuliza. Kuna kuosha pampu mtoni. Kuna anayefua ovaroli kwenye karai, mara nyingi pamoja na nguo za watoto. Kuna wanaoingia kupalilia kesho yake.

Nenda Trans Nzoia baada ya mavuno utaona kazi nyingine isiyo na pampu kabisa: mahindi yamemwagwa kwenye turubai, unga wa kuzuia osama na fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka, unanyunyizwa juu, watu wanageuza kwa sepetu na wengine kwa mikono. Waulize kama wanapiga dawa, watasema hapana, na watakuwa wanasema kweli, kwa sababu kwao hiyo inaitwa kuweka mahindi dawa. Vivyo hivyo kuogesha ng'ombe dhidi ya kupe. Huko Ahero, kwenye mpunga, mtu anasimama ndani ya maji yenyewe.

Naivasha ni dunia nyingine. Katika grinihausi za maua kuna kikosi maalumu cha wapiga dawa, wenye suti na barakoa, na watafiti wengi hukimbilia hao. Lakini wavunaji wa waridi, wengi wao wanawake, ndio hushika majani yaleyale siku nzima, kisha maua yanaenda kwa wanaochambua na kufunga. Mabaki yaliyo juu ya jani huhamia mkononi. Kama muda wa kungoja kabla ya kurudi ndani baada ya dawa kupigwa haukuheshimiwa, mvunaji anaweza kuguswa sana bila kuwahi kubeba pampu maishani.

Kutokana na siku hizo tano tengeneza orodha ya kazi, kwa majina ambayo watu wenyewe huyatumia. Hiyo ndiyo mifupa ya dodoso lako. Ukiandika "mkulima" au "kibarua" tu, umepima jina la kazi, na jina halina ngozi wala mapafu.

Hatua ya tatu: fuata kiini, si jina la pakiti

Kiini ni ile kemikali inayofanya kazi yenyewe ndani ya dawa. Mkulima hana sababu ya kukijua; yeye anajua jina la dukani, rangi na bei. Mfano ulio wazi zaidi ni viazi. Mtu atakwambia alitumia Dithane M-45 kwa miaka, kisha akabadilisha akaanza Ridomil Gold MZ. Kwake ni dawa mbili. Kwako zote zina mancozeb, kiini cha kuua ukungu, ila ya pili imeongezwa metalaxyl-M. Ukizihesabu kama vitu viwili umeukata mguso wa mancozeb katikati.

Fanya hivi. Zunguka agroveti za eneo lako, piga picha pakiti na chupa zote kwa ruhusa, kisha linganisha na orodha ya bidhaa zilizosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB. Tafuta pia za zamani. Wauzaji waliokaa miaka mingi kaunta ni hazina. Mmoja alinichorea kutoka kichwani chupa zilizokuwa kwenye rafu yake miaka ya tisini, pamoja na rangi za vifuniko. DDT ilikatazwa kwa kilimo Kenya mwaka 1986, kwa hiyo mzee wa miaka sabini huenda aliitumia ujanani, na kijana wa thelathini hawezi kuwa aliinunua kihalali. Tengeneza kitabu cha picha, kipindi kwa kipindi, uende nacho kwenye mahojiano. Mtu asiyekumbuka jina huweka kidole juu ya picha bila kusita.

Mwisho, jenga jedwali: zao, kipindi, mdudu au ugonjwa wa zao, viini vilivyotumika. Litakusaidia kumjazia mtu aliyesema tu "dawa ya nyanya", na litakustua pale jibu lisipowezekana, kama mtu akidai alitumia dawa miaka kumi kabla haijaingia sokoni.

Hatua ya nne: dodoso linaloheshimu kumbukumbu

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiulize "Umetumia dawa kwa miaka mingapi?" ukaishia hapo. Mtu hukumbuka maisha yake kwa matukio, na tarehe humponyoka. Chora mstari mrefu kwenye karatasi ya manila, mkae mkiutazama wote wawili. Weka kwanza mambo yake: kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza, mwaka alioacha shule, alipohamia shamba hili, alipoanza na kuacha kibarua. Kisha weka mambo ya eneo: katiba mpya 2010, viwavijeshi vipya vilivyoingia kwenye mahindi ya magharibi 2017, korona 2020, kweleakwelea waliovamia mpunga Kisumu mapema 2023. Viwavijeshi ni alama nzuri mno, kwa sababu wakulima wengi wa mahindi ambao hawakuwa wakipiga dawa ya wadudu walianza hapo.

Chagua alama zako kwa upole. Bwawa la Solai lililopasuka Mei 2018 kila mtu wa pale analikumbuka, na baadhi walizika watu. Vurugu za mapema 2008 huko Molo na Kuresoi pia. Sizitumii. Hatuna haki ya kumrudisha mtu kwenye kaburi ili tupate tarehe ya kupiga viazi dawa. Mwaka ambao mtoto wake aliingia darasa la kwanza utatosha.

Kwa kila kipindi katika mstari, uliza kazi moja baada ya nyingine:

"Wakati huo, nani alikuwa anapima na kukoroga dawa? Wewe kila mara, mara nyingine, au hapana?"
"Kwa msimu mmoja, mlipiga mara ngapi? Misimu mingapi kwa mwaka?"
"Siku moja ya kupiga ilikuwa pampu ngapi? Pampu ya lita ngapi?"
"Ulikuwa unapiga pia kwenye mashamba ya watu? Kwa wiki siku ngapi, kwa miezi mingapi?"
"Nani alifua nguo?"
"Baada ya kupiga, mliingia shambani baada ya siku ngapi?"
"Kuna siku dawa ilikumwagikia? Ulifanya nini?"

Swali la mwisho lina thamani yake, maana mwagiko mmoja wa dawa kali unaweza kuzidi msimu mzima wa kazi ya kawaida. Uliza pia dalili za siku hiyo: kutapika, kuona ukungu, mate mengi, kutetemeka.

Wahoji mume na mke kila mmoja peke yake. Na usimhoji kibarua supavaiza akiwa karibu, hata kama supavaiza ni mtu mwema.

Hatua ya tano: geuza majibu kuwa namba

Msingi wa hesabu ni siku za maisha: siku kwa mwaka mara miaka. Juu yake unaweka ukali wa kila siku. Mfumo unaofuatwa na wengi ulitoka kwenye Agricultural Health Study, utafiti ulioanza 1993 katika majimbo ya Iowa na North Carolina ukiwa na wapiga dawa na wenzi wao karibu 89,000. Muundo wake ni rahisi: jumlisha alama ya kukoroga, alama ya njia ya kupiga na alama ya kutengeneza vifaa, kisha zidisha kwa alama ya kinga.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume wa Kuresoi alilima viazi vyake toka 2006 hadi 2017, miaka 12, misimu miwili kwa mwaka, mara nane kila msimu. Siku 16 mara 12 ni siku 192. Kati ya 2008 na 2012 alipigia watu kwa kibarua siku mbili kwa wiki, wiki 20 kwa mwaka: siku 40 mara miaka 5 ni siku 200. Jumla 392. Dodoso lililouliza shamba lake tu lingepoteza zaidi ya nusu.

Angalia tena. Siku ya kwake ilikuwa pampu 6, siku ya kibarua pampu 20. Kwa pampu, shamba lake ni 1,152 na kibarua ni 4,000. Siku zilikaribia kulingana, mzigo haukukaribia. Kwa wakulima wadogo mimi hubeba hesabu zote mbili, ya siku na ya pampu.

Sasa ukali. Tuseme kukoroga kila mara ni 9, kupiga kwa pampu ya mgongo 8, kutengeneza pampu 2. Jumla 19. Anavaa gambuti na ovaroli tu, tumpe 0.8, inakuwa 15.2. Mkewe anayekoroga naye kila mara bila kinga yoyote: 9 mara 1 ni 9. Kwa hesabu hii mama anabeba karibu asilimia 60 ya ukali wa mumewe kila siku ya dawa. Mama wa Molo, aliyekoroga vivyo hivyo, mimi nilikuwa nimempa sifuri.

Usizichukue alama za Marekani kama zilivyo. Zilitungwa watu wengi wakitumia trekta. Haziijui pampu inayovuja mgongoni, wala mtu anayetembea akielekea kwenye dawa aliyoipiga, wala glavu zilizolowa ndani tangu wiki iliyopita, ambazo huibana dawa kwenye ngozi badala ya kuizuia. Kaa na wapiga dawa wazoefu, muuguzi wa kazini na mtaalamu wa kilimo, mpange alama zenu, kisha zijaribuni kwa hatua inayofuata.

Hatua ya sita: mkojo, damu na ngozi

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kwa nini tusumbuke na maswali wakati maabara ipo? Jibu ni muda. Dawa nyingi za siku hizi hutoka mwilini haraka. Chlorpyrifos, dawa ya wadudu, huvunjika kuwa kitu kinachoitwa TCPy, na nusu yake hutoka kwa mkojo katika saa 27 hivi. Glyphosate hutoka ndani ya siku chache bila kubadilika sana. Mancozeb huacha mabaki yaitwayo ETU, na jamii ya dawa za wadudu iitwayo pyrethroid huacha 3-PBA. Mkojo wa Alhamisi unasimulia Jumatano; hauna habari za 2005. Mabaki ya DDT ndiyo hukaa kwenye mafuta ya mwili na kuonekana katika damu kwa miaka mingi.

Basi vipimo vya mwili vina kazi gani katika utafiti wa ugonjwa wa miaka ishirini? Vinapima dodoso lako. Chagua watu kama 60 wenye kazi tofauti, wape alama kwa hatua ya tano, kisha uone kama wenye alama za juu kweli wana zaidi mwilini. Kama wakorogaji wako wana ETU sawa na wapigaji, alama ya kukoroga ilikuwa ndogo, ipandishe.

Kwa mkojo, chukua sampuli kabla ya kupiga, jioni ya siku hiyo, na asubuhi ya siku inayofuata, kwa kuwa dawa iliyoingia kwa ngozi huchelewa. Mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chupa. Tone moja kutoka kidoleni laweza kuharibu kila kitu. Weka kwenye baridi mara moja, kisha gandisha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku hutajua, kwa hiyo weka kipimajoto kinachojiandikia ndani ya friza. Pima na kreatinini, taka ya kawaida ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, au uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, maana mtu aliyetoka jasho siku nzima kwenye grinihausi ana mkojo mzito na dawa itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Rudia kwa watu walewale siku nyingine. Siku moja ya mtu si mtu.

Uliza pia ya nyumbani. Kisumu watu wengi hulala ndani ya vyandarua vilivyotiwa pyrethroid, na wengine hupuliza dawa ya mbu kila jioni. 3-PBA yao inaweza kuwa haina uhusiano wowote na shamba. Mboga zenye mabaki nazo huongeza.

Damu hupimwa kolinesterasi, kimeng'enya ambacho jamii mbili za dawa za wadudu, organofosfeti na kabameti, hukizuia kufanya kazi. Ni kipimo kizuri, lakini kinaeleweka vibaya. Kwanza, watu hutofautiana kiasili, kwa hiyo mtu hulinganishwa na damu yake mwenyewe iliyochukuliwa akiwa amekaa angalau siku 30 bila kugusa dawa hizo. Pili, athari ya kabameti huondoka upesi, hata ndani ya chupa ya damu ikisubiri maabara. Tatu, na hili liandike kwa herufi kubwa ukutani kwako: mancozeb, glyphosate na pyrethroid haziishushi kolinesterasi. Mpiga dawa anaweza kuambiwa kila robo mwaka kwamba damu yake ni safi huku akifanya kazi kutwa na dawa ambazo kipimo hicho hakizioni.

Kwa ngozi, njia ya bei nafuu ni vipande vya kitambaa vya sentimita 10 kwa 10 vilivyobandikwa kifuani, mgongoni, mapajani na mikononi, na kuosha mikono ndani ya mfuko wenye kimiminika maalumu ambacho hupelekwa maabara. Ukipata rangi inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno, itie kwenye pampu ya maji matupu umwombe mtu apige kama kawaida, kisha zimeni taa. Mgongo mzima huwaka. Pampu za kupima hewa zina maana zaidi ndani ya grinihausi. Kwenye shamba la wazi, ngozi ndiyo mlango mkubwa.

Hatua ya saba: vitabu vya shamba

Mashamba makubwa ya maua huandika kila dawa: tarehe, bloku, kiini, kipimo, saa ya kuruhusu watu warudi. Hizo ni kumbukumbu bora kuliko kichwa cha mtu yeyote. Ziunganishe na orodha za zamu ili ujue nani alivuna bloku gani siku gani. Lakini kitabu huandika kilichopangwa. Nilipewa wakati mmoja kumbukumbu zilizonyooka mno, kila saa ya kurudi imeheshimiwa bila kukosa, na wavunaji walewale waliniambia kwamba wiki za kabla ya Valentine waliitwa kuingia majani yakiwa bado yamelowa. Soma kitabu, kisha uulize waliokuwa ndani.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Mtu ambaye kolinesterasi yake inashuka huhamishwa kitengo, na anayeugua huacha kazi akarudi kwao. Ukiwahoji waliopo leo tu, umewahoji waliostahimili. Watafute walioondoka.

Hatua ya nane: pima kosa lako mwenyewe

Asilimia 10 ya watu wahojiwe tena baada ya miezi kadhaa, na mhojaji mwingine. Linganisha siku za maisha walizotoa mara ya kwanza na ya pili. Tuseme tofauti halisi kati ya watu inaeleza nusu tu ya tofauti unazoziona, na nusu nyingine ni kelele. Kama dawa kwa kweli huongeza hatari mara 2, wewe utaona takriban mara 1.4. Kosa la namna hii, linalowapata wagonjwa na wazima sawasawa, kwa kawaida huvuta jibu kuelekea "hakuna uhusiano". Ndiyo maana nakosa usingizi nikisoma ripoti isemayo dawa fulani haina neno, halafu nakuta mguso ulipimwa kwa "ndiyo" na "hapana". Toa makadirio ya kosa lako ndani ya ripoti, msomaji ayaone.

Jihadhari pia na dawa zinazosafiri pamoja. Wakulima wengi huchanganya ya ukungu na ya wadudu katika pampu moja. Kama watu wako wote walitumia zote mbili siku zilezile, hakuna hesabu itakayozitenganisha. Sema hivyo, au tafuta eneo lenye desturi tofauti.

Hatua ya tisa: ruhusa, na siku ya kurudisha majibu

Kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako kwanza, kisha cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, kisha barua za kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu taarifa za afya moja kwa moja: majina yakae mbali na majibu, na mwajiri asione jibu la mtu mmoja mmoja. Sampuli zikienda maabara ya nje, makubaliano yaandikwe kabla ya chupa ya kwanza kujazwa.

Kolinesterasi haisubiri ripoti. California, sheria humwondoa mfanyakazi kwenye dawa hizo kimeng'enya hicho ndani ya chembe nyekundu za damu kikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake cha kawaida au chini yake, na hamrudishi hadi kifike 80. Tumia mpaka huo. Panga mapema nani atampigia mtu simu siku hiyohiyo, zahanati ipi itampokea, nani atalipa nauli, na kwa maneno gani ataomba kuhamishwa kwa muda bila kupoteza kibarua chake. Kama hujapanga hayo, usichukue damu.

Majibu mengine yarudishe kijijini, kwa mdomo, kabla hujachapisha. Nilirudi Molo na picha za mikono iliyong'aa chini ya taa. Mama yule alizitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa nikoroge na nini?" Hilo swali uwe na jibu lake mkononi. Sisi tulikuwa tumekwenda na vijiti vya urefu wa mita moja, ndoo ndefu zenye mfuniko, vijiko vya kupimia vya kubaki shambani, na glavu za naitrili jozi mbili kwa kila nyumba. Tukakubaliana pakiti ifunguliwe upepo ukiwa nyuma ya mtu, maji yatangulie na unga ufuate, na ovaroli ifuliwe kwenye karai lake peke yake, lililotiwa alama ya rangi nyekundu.